Darasa Lililomsubiri Helka

Helka Turpeinen, niliyepanga naye nyumba moja hapa Joensuu, ndiye mtu mwenye maneno mengi kuliko wote niliowahi kuishi nao, na mimi nimekulia katika nyumba ya watoto saba. Aliongea akipiga mswaki. Aliongea na birika la kahawa lilipochelewa kuchemka. Akikosa mtu wa kuongea naye alimpigia simu shangazi yake wa Nurmes, na shangazi akichoka alimpa simu mume wake. Mimi nasomea misitu, na siku za kwenda porini kupima miti nilizisubiri kama sikukuu. Naeleza haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba yaliyompata Helka yalimpata kwa sababu ni msichana mkimya.

Yeye alikuwa anasomea ualimu wa watoto wadogo. Vuli ile alijiandikisha kwenye kozi iliyoitwa Ujuzi na Madaraka, iliyofundishwa mtandaoni na vyuo viwili kwa pamoja, chuo chetu na chuo kimoja cha Ghent, Ubelgiji. Mwalimu wa upande wetu alikuwa Orvokki Lehtiö, mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi na sweta la kijani ambalo sikuwahi kumwona hajalivaa. Wa upande wa pili aliitwa Griet Vermandere, mwembamba, mpole, mwenye machozi ya karibu. Wote wawili walikuwa wafeministi wa kweli, si wa maneno. Waliamini kwamba darasa ambalo mwalimu anaongea na wengine wananakili ni utawala wa baba tu, hata kama mwalimu mwenyewe ni mama. Walitaka madaraka yagawanywe, kila mtu alete anachokijua kutoka maishani mwake, na wanawake waliokatizwa maneno tangu utotoni wapate nafasi ya kuyamaliza. Mimi sina ugomvi na hayo. Kule idara ya misitu nimekatizwa maneno na wanaume wasiojua tofauti ya msonobari na mti wa Krismasi.

Somo la kwanza liliharibiwa na kijana mmoja wa Ghent aitwaye Wannes. Hakuwa mbaya. Alikuwa na ndevu nzuri, sauti nzuri, na maoni. Alieleza kwa uchungu jinsi wanaume wanavyowakatiza wanawake, na ili aeleze vizuri aliwakatiza wanawake watatu. Walipoachana siku ile, nusu ya darasa ilikuwa haijafungua mdomo.

Kwa hiyo mwanzoni mwa somo la pili walitunga sheria, wakaipitisha wote kwa kunyoosha mikono. Sheria ilisema hivi: mtu akishasema, asiseme tena mpaka kila mmoja awe amesema. Wannes aliiunga mkono kwa hotuba ndefu, na hiyo hotuba ikahesabiwa kuwa zamu yake.

Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi kwetu ni supu ya njegere, kwa hiyo mimi nilikuwa jikoni nakoroga sufuria. Helka alikuwa mezani na kompyuta yake, kwa sababu chumbani kwake mtandao ulikuwa unakatika. Tangu asubuhi alikuwa ananieleza atakachosema darasani, jambo fulani kuhusu watoto wa chekechea na wanasesere, na nilikuwa nimeshalisikia kiasi kwamba ningeweza kwenda kulisema kwa niaba yake. Wenzake wakasema mmoja baada ya mwingine, Wafini na Wabelgiji, kila mmoja kwa Kiingereza cha kwao. Helka akaona zamu yake bado iko mbali, akachukua piirakka, ule mkate mwembamba wenye wali katikati, akaupaka siagi ya mayai, akaung'ata.

Zamu haikuwa mbali. Waliobaki walisema kwa kifupi, na mara akasikia, "Helka, umebaki wewe. Nafasi ni yako, hatuna haraka." Ni Orvokki.

Mdomo wa Helka ulikuwa umejaa. Akainua kidole kuomba wamsubiri kidogo.

Kile kidole hawakukielewa hivyo. Nyuso zote kwenye kioo zikatulia. Msichana mmoja wa Ghent akaweka mkono kifuani. Griet, ambaye kwa kweli hakuruhusiwa kusema, akanong'ona, "Tusimlazimishe. Tumsubiri." Helka akatafuna haraka, akameza, akafungua mdomo, akauona ule ukimya aliokuwa amewekewa. Ulikuwa ukimya wa msibani. Akanitazama mimi. Nikapandisha mabega. Akaufunga mdomo.

Wakakaa hivyo mpaka muda wa somo ukaisha. Mwishoni Griet alifuta macho, akampungia Helka mkono kwa heshima kubwa.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza kompyuta ilipofungwa.

"Ningesema nini?"

"Wanasesere wako."

"Saimi, umewaona wale watu? Mtu ananiangalia na mkono kifuani, halafu mimi nimletee wanasesere?"

"Basi ungesema ulikuwa unatafuna."

"Ndiyo hilo lingekuwa baya zaidi."

Alhamisi iliyofuata alijiandaa kusema jambo kubwa kidogo. Lakini darasa lilikuwa limesubiri wiki nzima, na lile jambo, alipoziona nyuso zao, likaonekana dogo. Akanyamaza. Wiki iliyofuata alitafuta jambo kubwa zaidi, na wao walikuwa wamesubiri zaidi. Ilifika mahali ambapo, kwa maoni yake, hakuna ambacho kingefaa isipokuwa kutangaza kwamba vita vyote vimekwisha duniani.

Mtu atauliza kwa nini wengine hawakuendelea na somo. Wasingeweza. Wote walikuwa wameshasema, walimu pia, na sheria haikubagua. Orvokki alikuwa anafungua somo kwa kupunga mkono na kulifunga kwa kupunga mkono. Kubadilisha sheria kulihitaji majadiliano, na majadiliano yalihitaji watu waseme. Orvokki alijaribu barua pepe, akauliza kama sheria ilegezwe kidogo, na Ghent wakamjibu kwa pamoja kwamba kuwaacha wengi wabadilishe sheria wakati yule mmoja hajasema ndiyo dhuluma yenyewe iliyofanya sheria itungwe. Orvokki alilisoma jibu hilo, akaona ni kweli, akaomba radhi.

Basi wakawa wanakutana kila Alhamisi na kunyamaza. Nami nilipika supu yangu nikitembea kwa soksi.

La ajabu ni kwamba walianza kulipenda. Wengine walileta sweta za kufuma. Msichana mmoja wa Ghent alikuwa na mapacha wasiolala kwa lolote, akagundua kwamba mbele ya darasa lile wanalala fofofo. Watu wa idara nyingine wakasikia, wakaomba kuingia. Mwalimu wa hisabati alikuja akala chakula chake cha mchana pale, akafunga macho. Ofisi ya ubora ya chuo ikamtuma Pentti Karvala kukagua kozi gani hii isiyo na sauti. Alikaa kwenye kidirisha chake kipindi kizima, tai shingoni, na mwisho akaandika kwamba katika vikao vyote alivyohudhuria tangu aajiriwe, hicho kilikuwa cha kwanza ambacho hakuna mtu aliyerudia lililokwisha kusemwa. Akapendekeza kozi ipewe tuzo ya ushirikiano wa kimataifa. Wakaipata. Ghent wakashona fulana zenye picha ya mtu anayesema, mahali pa maneno pameachwa patupu, wakamtumia Helka ya kwake kwa posta.

Helka alikuwa anakonda. Mtu kama yeye chakula chake ni porojo, na porojo zilikatika ghafla. Akikaa kantini, wenzake walinyamaza kwa heshima. Alikuwa na habari motomoto ya mwalimu wa muziki na mke wa mwenye duka la baiskeli, akawapelekea, na alipovuta tu pumzi kabla ya kuanza, meza nzima ikaweka vijiko chini na kumwangalia kana kwamba anataka kujifungua. Habari ikamfia mdomoni. Sokoni msichana asiyemjua alimpisha kwenye foleni ya samaki, akainamisha kichwa. Yote yaliyomjaa mchana kutwa alikuja kuyamwaga kwangu. Nilinunua vizibo vya masikio, vile vya watu wa misumeno.

"Umevaa vitu masikioni?" akaniuliza siku moja.

"Mafua," nikasema.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja, tukiwa tunamenya viazi, simu yake ikalia. Namba ya Ubelgiji. Akaiweka mezani tusikie wote.

"Helka? Ni Wannes. Wa darasani. Naomba usikate."

"Sikati."

"Unaongea," akasema.

"Kwani ulidhani mimi ni bubu?"

"Mimi sijui nilidhani nini. Dada, nakuomba, Alhamisi useme neno moja. Lolote lile. Sema baridi. Sema viazi. Mimi nina mawazo ya tangu mwezi wa tisa, yameniganda kichwani. Mama yangu ananiuliza kama naumwa."

"Umekuwa mpole sana nyumbani?"

"Hapana, naongea mno. Jana nimemweleza mleta barua wetu historia ya haki za wanawake. Alikuwa ameleta kifurushi tu."

Helka akacheka, kicheko chake cha zamani. Kisha akamweleza ukweli: piirakka, siagi ya mayai, kidole.

"Kidole kilikuwa cha kuomba kumeza?"

"Ndiyo."

"Mimi nimeandika insha nzima juu ya kile kidole."

"Umeandika nini?"

"Kwamba kinaonyesha juu lakini kinakataa ngazi."

"Kilikuwa na siagi tu, Wannes."

Walizungumza mpaka viazi vikaiva, na baada ya hapo ikawa karibu kila siku. Alikuwa msikilizaji mzuri akilazimika, na walilazimishana kwa zamu. Alimsihi awaambie wote ukweli. Helka akamwambia kama ni rahisi hivyo aseme yeye. "Siruhusiwi," akajibu kwa huzuni, na alikuwa anasema kweli.

Somo la mwisho lilikuwa kabla ya Krismasi. Theluji ilikuwa imefika madirishani. Helka alikaa mezani kwetu bila chakula chochote mbele yake, amechana nywele. Darasa lilikuwa limejaa kuliko siku zote. Pentti wa ofisi ya ubora alikuwepo na wenzake wawili. Orvokki alipunga mkono, wakaanza kunyamaza, na Helka akafungua kipaza sauti.

"Siku ile nilikuwa natafuna," akasema.

Pentti akashika kalamu.

"Mdomo ulikuwa umejaa. Nilipomeza, nikaona haya. Basi. Hayo ndiyo yote."

Sasa kila mtu alikuwa ameshasema, na sheria ikaachia. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Waliongea wote kwa pamoja, vuli nzima ikiwatoka kwa mara moja, na sauti ya Wannes juu ya zote. Ilipopungua kidogo nikasikia wanachosema. Walikuwa wanajadili kutafuna. Msichana wa mapacha alisema kutafuna ni kazi ya mwili ambayo darasa limeifanya aibu. Mwingine akasema mwanamke anayetafuna mbele ya madaraka amekataa kutoa maneno kabla hajajilisha. Griet alikuwa analia. Orvokki akasema, taratibu, kwamba labda wote wamekuwa wakimezwa bila kutafunwa, na watu wakaandika.

"Ilikuwa piirakka," Helka akasema.

"Ndiyo, na chakula cha asili cha bibi zetu," Orvokki akasema, "kina maana yake pia."

Hapo Helka akakasirika. Nimeshamwona akigomba na fundi wa bomba, na mwenye nyumba, lakini hivi sikuwahi.

"Nilikinunua dukani, cha kugandishwa," akasema. "Sikilizeni. Mlinisubiri vizuri, hilo siwezi kulikana. Lakini katika kunisubiri kote huko hakuna aliyeniuliza una nini. Orvokki, mimi na wewe tuko mji mmoja. Nakuona sokoni ukinunua samaki. Unanipungia mkono kama vile mimi ni kanisa. Ungesogea ukaniambia, Helka, mwanangu, vipi, ningekwambia palepale kwenye samaki, tukacheka, somo likaendelea. Aliyenipigia simu ni yule mliyesema anaongea sana. Mmenipa nafasi kubwa mpaka nikashindwa kusimama ndani yake. Mimi nikinyamaza, pengine nimechoka, pengine nimeshiba, pengine sijasoma mlichoagiza. Acheni ninyamaze kama watu wengine wanavyonyamaza."

Hakuishia hapo. Kumbe wanasesere walikuwa bado wamo. Alieleza jinsi kwenye chekechea alikofanya mazoezi walivyowakalisha watoto duara na kumpitisha mwanasesere, na aliye naye lazima aseme, na jinsi mtoto mmoja alivyokuwa anamtupa mwanasesere kama kaa la moto, mpaka siku Helka alipokwenda kujenga naye mnara wa matofali ya mbao pembeni, na mtoto akasema bila kuombwa kwamba mnara umepinda. Kutoka hapo akaenda kwa shangazi wa Nurmes, kutoka kwa shangazi akaenda kwa fundi wa bomba. Alisema vizuri, mengine hata mimi sikuwahi kuyasikia, na nilidhani nimeyasikia yote. Lakini alisema mno. Mapacha waliamka. Pentti alilegeza tai.

"Helka," Orvokki akasema, "nadhani sasa tuwape na wengine nafasi."

Maneno yalimtoka kabla hajayaona. Akaweka kiganja mdomoni. Nyuso zote zilimgeukia.

"Umenikatiza," Helka akasema.

"Nimekukatiza."

"Baada ya vuli nzima."

"Ndiyo," Orvokki akasema ndani ya kiganja. "Nimeangalia saa. Sijui hata kwa nini nimeangalia saa."

Hapo mimi, niliyesimama kwenye jiko na mwiko mkononi, nikasahau kwamba simo. "Mwacheni amalize," nikasema. "Akibakiza anakuja kunimalizia mimi."

Kwenye kioo wakainua vichwa kunitafuta.

"Nani huyo nyuma?" Griet akauliza.

"Saimi. Naishi naye."

"Umekuwepo siku zote?"

"Kila Alhamisi."

Griet akafuta macho, akasogeza uso karibu na kamera. Nikaona ile sura yake inaanza kurudi, ile ya upole usio na mwisho. "Saimi," akasema, "wewe bado hujasema."

Niliinua sufuria ikiwa bado inachemka, nikaenda nayo chumbani kwangu, nikafunga mlango. Helka aliwamalizia yake. Alichukua muda.

Kesho yake Orvokki alikuja kwetu na sweta lake la kijani na mikate mitamu ya iliki, bado ya moto. Alivua viatu, akakaa jikoni, akakataa kahawa, kisha akaikubali.

"Nimefundisha miaka mingi nikingoja mwanafunzi aniambie vile," akamwambia Helka. "Wakati wa kuandika kozi hii nilikuwa nawafikiria wanawake wanaosema mambo mazito, kwa ufupi."

"Mimi sijui ufupi."

"Nimeona." Akakata mkate, akampa. "Nakuomba radhi. Ya kukukatiza, na ya kwenye samaki. Nilikuwa naogopa nikikusogelea nitakuwa nimekushinikiza."

"Mtu akiogopa kunishinikiza mimi huwa naogopa zaidi."

Walibishana mpaka mikate ikaisha. Orvokki hakukubali kwamba sheria ilikuwa ya kipumbavu. Alisema bila sheria ile Wannes angekuwa bado anaongea mpaka sasa, na wasichana kadhaa waliosema siku ile ya pili wasingesema kamwe. Helka akalikubali hilo. Kisha Orvokki akamwomba asaidie kuipanga kozi ya mwaka unaofuata, na Helka akasema atasaidia, ila lazima "Sina la kusema" ihesabiwe kuwa ni kusema, na yeyote atakayeisema asitazamwe kwa huruma. Orvokki aliandika. Jina la kozi likabadilishwa pia, ikaitwa Sauti Zote.

Vuli iliyofuata nilikuwa nimebakiza tasnifu yangu, nikakaa na Helka jikoni siku ya kwanza, kwa sharti kwamba kamera isinifikie. Helka ndiye aliyefungua. Akaeleza sheria, akamwita wa kwanza, kijana wa kwetu.

"Sina la kusema," kijana akasema, na akaonekana kupumua.

Aliyefuata akasema hivyohivyo. Na wa tatu. Likawa jambo la raha. Walilisema kwa Kifini na kwa Kiflemi, mmoja akalisema huku anachezea paka, na lilizunguka Joensuu yote, likavuka likazunguka Ghent. Niliona shingo ya Helka inaanza kuwa nyekundu. Orvokki, kwenye kidirisha chake, alikuwa amekaa juu ya mikono yake asije akaingilia.

Mwisho kabisa alikuwa mama mmoja wa Ghent aitwaye Godelieve, mkubwa kuliko wengine wote, amevaa shanga.

"Mimi ninalo," akasema. "Hii ndiyo kozi ya kwaya?"

Helka akasema hapana, siyo ya kwaya, ni ya ualimu na madaraka, akamweleza kwa kirefu.

Godelieve alimsikiliza mpaka mwisho. "Imeandikwa Sauti Zote," akasema. "Nimefanya mazoezi majira yote ya joto."

"Pole sana," Helka akasema.

"Basi nitaimba hivyohivyo," Godelieve akasema. Akasimama, akasogeza kiti, akaimba. Hakuwa na sauti nzuri, lakini ilikuwa kubwa, na beti zilikuwa nyingi.